Kwa nini gari la kuvunja rekodi ya kasi hubebeshwa mzigo?

Kijana mmoja anayechomelea bodi za magari Gerezani alinionyesha video kwenye simu yake. Wanaume wawili walikuwa wakipanga matofali ya risasi, madini yale yale yaliyomo ndani ya betri, kwenye gari jembamba kama mtumbwi walilolitengeneza wenyewe nyumbani. "Kaka, hawa si wanataka mbio? Mbona wanalipakia mzigo?"

Swali lake lina haki ya kujibiwa, maana sote tumezoea kwamba gari jepesi ndilo linalochomoka.

Mbio zile hufanyika Bonneville, jimbo la Utah huko Marekani, kwenye uwanda wa chumvi. Usifikirie mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Ule ni uwanda mkavu ambao jicho halioni mwisho wake. Hakuna kona. Gari hunyoosha maili kadhaa, na kinachopimwa ni mwendo wake ndani ya kipande maalumu cha njia. Uzito humwadhibu dereva kwenye kona na kwenye breki za ghafla, na pale havipo vyote viwili. Likichelewa kuchanganya, njia bado ni ndefu.

Sasa kumbuka pikapu tupu ikikwama kwenye mchanga Kigamboni. Injini inanguruma, tairi za nyuma zinazunguka bure. Dereva anafanya nini? Anawaomba watu wapande nyuma. Wakikaa juu ya ekseli, tairi zinauma mchanga na gari linatoka. Injini haijaongezewa nguvu hata kidogo. Kilichoongezeka ni mshiko wa tairi, na mshiko hutokana na uzito unaolikandamiza tairi chini. Chumvi nayo inateleza kuliko lami.

Adui wa pili ni hewa. Ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 200, hewa haikuzuii mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu inayotakiwa kwa injini ni mara nane. Hufika mahali injini bado ina nguvu za kutosha ila tairi haziwezi kuzifikisha ardhini. Hapo ndipo mzigo unapookoa. Bawa la kulikandamiza gari lingesaidia pia, lakini bawa hilo hilo hushika hewa na kula kasi. Risasi iliyolala sakafuni haigusi upepo.

Njia nyingine ni kuutumia uzito wote ulionao. Ndugu wawili wa California, Bob na Bill Summers, walitengeneza gari waliloliita Goldenrod, lenye injini nne zinazosukuma magurudumu yote manne. Mwaka 1965 lilifika wastani wa takriban kilomita 658 kwa saa. Ninawapenda sana watu wa namna hii. Burt Munro wa New Zealand alihangaikia pikipiki yake ya mwaka 1920 kwa miaka mingi, akiyeyusha na kumimina pistoni kwa mkono wake, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, akaweka rekodi ya daraja lake Bonneville kwa kasi inayozidi kilomita 290 kwa saa.

Lakini mzigo haurushwi popote. Angalia mshale: kichwa kizito mbele, manyoya nyuma. Ukiugeuza, utapinduka hewani. Gari nalo ni hivyo hivyo. Uzito ukikaa mbele na pezi la mkia likashika hewa nyuma, pua ikiyumba upepo wenyewe huirudisha kwenye mstari. Uzito ukizidi nyuma, mkia utataka kuongoza, na kwa kasi ile hakuna mikono ya dereva inayowahi.

Kijana akairudisha video mwanzo, akaisimamisha kwa kidole. Matofali yote yalikuwa yamepangwa mbele ya miguu ya dereva.