Chupa ya Ziada Katika Oili ya Injini

Imani kwamba oili haiwezi kuilinda injini ipasavyo mpaka iongezewe chupa ya kemikali imedumu miaka mingi, na wengi wanaoishika ni watu wanaoyajali magari yao kweli. Ni kweli kwamba kemikali hupunguza kulika kwa vyuma, lakini kemikali hizo zimo tayari ndani ya oili unayonunua. Iliyo maarufu zaidi ni ZDDP, yenye zinki, fosforasi na salfa, inayotumika tangu miaka ya 1940: pale kemu (nundu inayozunguka kufungua vali za injini) inapokandamiza tapeti (kipande kinachopokea msukumo huo) na utando wa oili kuwa mwembamba mno, joto na msuguano huifanya ijenge tabaka laini linalolika badala ya chuma chenyewe.

Kuzidisha kiwango hakuongezi ulinzi kwa kadiri hiyo, kwa sababu kila kiungo kimepimwa kisivuruge vingine, na fosforasi nyingi huharibu kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Nchini Marekani, tume ya biashara, FTC, iliwashtaki watengenezaji wa Slick 50, kiongezi chenye chembe za PTFE (plastiki inayoteleza sana), na mwaka 1997 wakakubali kuacha kudai kinga wasiyoweza kuithibitisha. Tume ilisema injini nyingi hulindwa vya kutosha na oili iliyopendekezwa katika kitabu cha gari.

Wenye injini za zamani zenye tapeti bapa wana sababu halali ya kuulizia zinki, ila nao, kwa maoni yangu, wanunue oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hizo badala ya kujichanganyia.