Umejitengenezea Trela la Boti na Halina Namba ya Chesisi: Fuata Njia Hii Kulisajili

Trela la kiwandani huja na namba yake ya chesisi, imegongwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye hati za mauzo. Trela ulilochomelea mwenyewe halina namba hiyo, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Fomu ya usajili ina nafasi ya namba, karani anaiuliza, mwenye trela hana cha kujaza. Wapo wanaokata tamaa wakaanza kulivuta barabarani hivyo hivyo. Wapo pia wanaobuni namba au kunakili ya trela jingine, na hawa ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi halali kwa mikono yake anageuka mtuhumiwa wa kughushi bila sababu yoyote ya msingi.

Panapohitajika usajili, namba ya trela la kujitengenezea hutolewa na mamlaka ya usajili yenyewe. Wewe huibuni, na fundi wako haibuni. Kazi yako ni kuthibitisha mambo mawili: kwamba trela umelitengeneza kweli, na kwamba kila kipande kikubwa kilichomo umekipata kihalali.

Kanuni zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Huko Uingereza, trela dogo la binafsi linalovutwa ndani ya nchi halisajiliwi peke yake. Hubeba kibao chenye namba ya gari linalolivuta. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na majimbo mengi hutoa namba maalumu kwa matrela ya kujitengenezea. Kwa hiyo nenda ofisi ya usajili ukaulize kabla hujanunua chuma. Uliza kama trela la uzito huo linasajiliwa, fomu ipi inatumika, na ukaguzi unafanyika mara ngapi. Ofisi nyingine hutaka kuliona trela kabla halijapakwa rangi, na ukijua hilo mwishoni utalazimika kukwangua rangi mpya.

Namba yenyewe, ambayo kwenye fomu nyingi huandikwa VIN, ina herufi na tarakimu 17 kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 3779. Herufi I, O na Q hazitumiki, kwa kuwa ni rahisi kuzichanganya na 1 na 0. Alama tatu za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, na hugawiwa kwa utaratibu maalumu. Kiwanda kinachotengeneza magari au matrela machache kwa mwaka hutambulika kwa tarakimu 9 kwenye nafasi ya tatu. Namba ya kubuni kichwani haina mtengenezaji nyuma yake. Huenda ikapita leo kwa karani mwenye haraka, kisha ikakwama siku unapouza trela, unapodai bima, au trela linapoibwa na polisi wanatafuta mwenyewe.

Kabla ya kuandika "la kujitengenezea" kwenye fomu, hakikisha ndivyo lilivyo. Trela la kiwandani lililopoteza namba ni jambo jingine kabisa, na kwa matrela ya boti hutokea mara kwa mara. Trela hili huzamishwa majini kila boti inaposhushwa. Maji ya chumvi hula kibao na ribiti zake mapema, hata chuma cha fremu kikiwa bado imara. Kagua sehemu ya mbele ya fremu na mkono wa kuvutia, pande zote na chini. Sugua kwa brashi ya waya, taratibu. Usipeleke grainda hapo, kwa sababu itafuta hata kile kidogo kilichobaki. Mwanga wa tochi ukiupitisha kwa ubavu, kivuli huonyesha maandishi ambayo macho hayayaoni mchana.

Ukiipata namba, au hata nusu yake, peleka ulichopata kwa mamlaka pamoja na hati yoyote ya mmiliki wa zamani. Mara nyingi upo utaratibu wa kurudishia namba iliyopotea. Kulitangaza trela la kiwandani kuwa ulilitengeneza wewe ni maelezo ya uongo, na wakaguzi hulitambua kwa urahisi: matundu yaliyotobolewa kwa mashine, mikunjo ya bomba inayolingana, alama za ribiti pale kibao kilipokuwa.

Swali gumu zaidi huja pale trela jipya linapotengenezwa kwa vifaa vya zamani. Ekseli, springi na magurudumu yaliyotumika yanaruhusiwa sehemu nyingi, mradi una risiti au maandishi ya muuzaji. Fremu ndiyo yenye uzito. Ukichukua fremu yenye namba ukaiongezea mabomba na vibebeo vya boti, mbele ya mamlaka nyingi hilo bado ni trela lile lile la zamani, na namba yake inabaki.

Kuna kosa jingine la kawaida: kujaza namba ya boti kwenye fomu ya trela. Boti ina namba yake ya ganda, ambayo kwa kawaida huwekwa nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti na trela ni vyombo viwili, kila kimoja na hati yake. Ukiuza boti leo, trela linabaki lako mpaka hati yake nayo ibadilishwe.

Sasa karatasi. Hapa ndipo maombi mengi hukwamia, na hapa ndipo ningependa usome kwa utulivu. Tunza risiti ya kila kitu kikubwa: chuma, ekseli, matairi, kichwa cha kuunganishia, winchi, taa. Risiti iwe na jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya kifaa. Karatasi iliyoandikwa "chuma" na kiasi cha pesa tu haimsaidii mkaguzi. Ukinunua kwa mtu binafsi, mwandikishiane na msaini wote wawili. Piga picha kazi ikiendelea, kuanzia mabomba yakiwa chini hayajakatwa. Kama umemlipa fundi wa kuchomelea, akuandikie barua kwamba alifanya kazi hiyo kwa ajili yako. Baadhi ya mamlaka hutaka pia hati ya kiapo inayosema nani alilitengeneza na lini.

Uzito nao upimwe kwenye mizani, usikadiriwe. Pima trela tupu, kisha ukiwa umepakia boti, injini na mafuta. Petroli ina takriban kilo 0.75 kwa lita, na maji kilo moja, kwa hiyo matangi yaliyojaa hubadilisha hesabu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaliita trela jepesi lile ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa hauzidi kilo 750, na nchi nyingi hutumia mpaka huo kuamua kama trela linahitaji breki zake lenyewe.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi atalinganisha karatasi na chuma, kisha atatazama usalama: taa za nyuma, za breki na indiketa, viakisi mwanga, minyororo ya usalama, kichwa cha kuunganishia, na ubora wa maungio. Akiridhika, utapewa namba. Fuata maelekezo ya namna ya kuiweka. Kama ni ya kugonga, igongwe kwenye fremu ya kudumu, mahali pasipofungwa kwa bolti na panaposomeka bila kulala chini ya trela. Kama ni kibao, kwenye maji ya chumvi epuka kibao cha aluminiamu kilichogusana moja kwa moja na chuma, kwani kitalika upesi.

Unayepanga kuchovya fremu kwenye zinki ya moto, panga mapema na mamlaka namba igongwe lini. Ikigongwa kabla, iwe na kina cha kutosha ili zinki isiifunike. Ikigongwa baadaye, paka rangi ya zinki pale ulipokwaruza. Na tafadhali, mabomba yaliyozibwa ncha zote mbili yatobolewe kabla ya kuchovya. Zinki hiyo huwa na joto la nyuzi 450 hivi za selsiasi, na hewa au unyevu uliofungiwa ndani unaweza kulipua bomba na kuua watu waliosimama karibu.

Anayenunua trela la kujitengenezea ambalo halijasajiliwa adai risiti zote za vifaa na maandishi yenye saini ya aliyelitengeneza kabla ya kulipa. Mkishaachana, kumpata tena mtu huyo aje athibitishe kazi yake ni vigumu, na bila yeye mkaguzi hana njia ya kujua trela hilo limetoka wapi.