Mandari ya kisiwa cha Manda, Lamu: maswali kuhusu samaki wa kuchoma

Jodari ameiva vizuri makaani. Mbona waliomla wanajikuna na nyuso zinawaka?

Kosa lilitokea kabla moto haujawashwa. Nyama ya jodari, nguru na vibua ina histidini nyingi, kijenzi cha protini. Samaki hao wakikaa na joto chomboni kwa saa kadhaa, bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta mwasho, na ikishaingia haitoki: si kwa makaa, si kwa mafuta, si kwa barafu ya baadaye. Huenda hata harufu isibadilike. Ulimi ukiwashwa kama umekula pilipili na pilipili hukutia, teme.

Dalili huanza baada ya dakika chache, au ndani ya saa moja hivi: uso kuwaka, kichwa kugonga, vipele, moyo kwenda mbio, pengine kuharisha. Kwa kawaida hupita siku hiyohiyo, na setirizini, dawa ya mzio, husaidia. Lakini midomo ikivimba au pumzi zikibana, msingoje kumaliza kula. Boti ing'oe nanga kwenda hospitali ya King Fahd, Amu (mji wa Lamu).

Basi samaki abebwe vipi?

Mtoe matumbo na matamvua mapema, mwoshe, kisha mpange kwa tabaka: barafu, samaki, barafu. Kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu. Watu wengi hubeba robo yake, ikayeyuka kabla ya kufika. Sanduku liwe na tundu la kutolea maji, na likae kivulini. Samaki atoke humo makaa yakiwa tayari.

Kama barafu haipatikani, chagua changu au tafi aliyetoka majini sasa hivi. Kwao histamini si hatari kubwa. Tahadhari na miba ya tafi, ina sumu. Ukidungwa, tia kidole katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90.

Ndimu si huua vijidudu?

Hugeuza nyama ikawa nyeupe, mtu akadhani imeiva. Ni kiungo tu. Chumvi, thomu, tangawizi na ndimu kwa nusu saa, samaki akiwa bado kwenye baridi, zinatosha.

Moto wa namna gani?

Washa kwa makumbi, ongeza vifuu, ungoje ndimi zife na makaa yavae jivu. Mbao za vyombo vya baharini vikuukuu ziacheni: rangi yake ina madini ya sumu yanayopanda na moshi. Mchanje samaki mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa. Changu wa kilo moja huchukua kama dakika 8 hadi 10 kila upande. Pima kwenye uti wa mgongo: nyama iachane na mfupa, isiwe ya kungʼaa kama kioo. Tui la kupaka lichemkie hapohapo. Lililopikwa asubuhi likakaa sufuriani huchacha upesi.

Na bunju, yule samaki anayejivimbisha?

Haliwi. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na inaua.

Makaa tukayafukie mchangani?

La! Mchanga huhifadhi joto kwa saa nyingi na hakuna anayeliona, mtoto atakanyaga. Mwagieni maji, koroga, mwagieni tena hadi mkono uhisi baridi. Bakisheni dumu la lita 20 la maji matamu: mtu akiungua, mmwagie taratibu kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta.