Kiti cha mbele darasani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila Januari, siku ya kufungua shule, wanafunzi wa sekondari hapa Lamu huamka mapema kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Anayewahi huweka daftari juu ya dawati la mbele, la pili humshikia rafiki yake, na kengele ya kwanza inapolia darasa limekwisha kugawanywa bila mwalimu kusema neno. Mimi ni mwalimu, na kwa muda mrefu sikulitilia maanani jambo hili, hadi nilipoanza kuzisikiliza sababu ambazo wanafunzi na hata wazazi huzitoa kulitetea.

Dhana iliyozoeleka zaidi ni kwamba mwenye bidii hujipeleka mbele na mvivu hukimbilia nyuma, hivyo kuketi nyuma ni hukumu ambayo mwanafunzi amejitolea mwenyewe. Mwaka 2005, Katherine Perkins na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walichapisha matokeo ya somo la fizikia ambalo wanafunzi hawakujichagulia viti: walipangiwa kwa kubahatisha, na katikati ya muhula, walioketi nyuma wakahamishiwa mbele na wa mbele nyuma. Walioanzia nyuma walikuwa na uwezekano wa karibu mara sita zaidi wa kufeli, ingawa nusu ya pili ya muhula walikuwa mbele. Ule ulikuwa ukumbi mkubwa wa chuo kikuu, na sidai kwamba hesabu hiyo inalingana na vyumba vyetu. Lakini inatosha kunizuia nisimwite mtoto mvivu kwa sababu ya mahali alipoketi.

Wengine huamini kwamba safu nzima ya mbele ni sawa. Raymond Adams na Bruce Biddle, waliochunguza mwenendo wa masomo darasani na kuchapisha kazi yao mwaka 1970, walionyesha kwamba mazungumzo na mwalimu huwaangukia zaidi walio mbele katikati, na wale wa mstari unaoshuka katikati ya darasa. Aliyegombana kupata pembe ya mbele huenda amepata kiti kibaya kuliko cha safu ya tatu katikati. Tena pembeni ubao hung'aa kwa mwangaza wa dirisha mpaka maandishi hayasomeki.

Dirisha nalo lina wagombea wake. Januari huvuma kaskazi, na madirisha yanayoielekea ndiyo yenye raha. Kufikia muhula wa pili kusi imeshaingia, upepo umehamia upande mwingine, na mvua za Mei humlowesha daftari yule aliyedhani amepata kiti cha mwaka mzima.

Ninaloliona zito zaidi ni dai kwamba aliyewahi ndiye mwenye haki. Mwanafunzi anayevuka kwa boti kutoka Manda hufika boti inapofika, hata akirauka alfajiri namna gani. Na yuko yule asiyeona vizuri mbali, ambaye mara nyingi hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajawahi kuona kwa macho ya mwingine. Mwenye kiwango cha kuona cha 6/12 hulazimika kusogea hadi mita 6 ili asome herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 12. Akiwekwa nyuma, hunakili kutoka kwa jirani, na jirani akifunika daftari humnong'oneza amsomee. Ndipo mwalimu anapomwandika kuwa mpiga kelele, na kwenye mtihani kuwa mwizi wa majibu. Nimewahi kumwadhibu mtoto wa namna hiyo, na bado jambo hilo linaniuma.

Chuoni, yaani madrasa ya Kurani ambako wengi wetu tulianzia kusoma, mtoto huitwa karibu na mwalimu asome somo lake peke yake, kisha hurudi mkekani akampisha mwenzake. Kila mmoja hupata zamu ya kuwa mbele. Kwangu siku hizi wiki ya kwanza kila mwanafunzi husimama nyuma ya darasa, hufunika jicho moja kisha la pili, akasoma sentensi niliyoiandika ubaoni. Wanaoshindwa hupewa safu mbili za mbele katikati na barua ya kupeleka nyumbani ili wapimwe macho hospitalini, na wengine wote huhama safu moja kila baada ya wiki mbili.