Je, wajua kwa nini mti hupogolewa mvua zikishakatika?

Nyuma ya nyumba ninayokaa, Shanty Town hapa Moshi, kuna mparachichi wenye majeraha mawili. La kwanza lilikatwa Aprili, masika yamepamba moto, kwa sababu tawi lilikuwa limelalia bati. La pili lilikatwa Agosti ya mwaka uleule. Leo jeraha la Agosti limezungukwa na gome jipya, nene kama mdomo wa chungu, na sehemu iliyobaki wazi katikati haizidi sarafu ya mia mbili. La Aprili ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea kama mkate uliolowa.

Mti ni mmoja, aliyekata ni mmoja. Kilichotofautiana ni msimu.

Sisi tukijikata, mwili hutengeneza nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauna uwezo huo. Unachofanya ni kujenga kuta ndani ya mbao, kuutenga uozo usisambae, kisha kulifunika jeraha kwa gome jipya kutoka pembeni. Aliyelieleza hili vizuri ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Marekani, aliyepasua miti mingi kwa msumeno wa mashine kutazama ndani. Maelezo yake yalitoka mwaka 1977. Kuta hizo huchukua muda kujengwa, nao ukungu unaoozesha mbao hausubiri. Wakati wa mvua mbegu zake husambaa na jeraha halikauki. Ukikata kati ya Julai na Septemba, mti unapata wiki kadhaa kavu za kujifungia kabla ya vuli.

Kuna na suala la akiba. Masika yanapoanza, mti hutumia wanga uliowekwa kwenye mizizi na shina kuchipusha majani mapya. Ukiyakata wakati huo umeupokonya mtaji kabla haujarudisha faida.

Ulaya hupogoa miti mingi wakati wa baridi, ikiwa imelala bila majani. Huku, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachopunguza mwendo wa miti yetu zaidi ni ukame, kwa hiyo tarehe zao tusizinakili. Kahawa nayo ina kalenda yake: huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita, ndiyo maana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, hupogolewa baada ya kumaliza kuchuma. Tawi lililokauka au kuvunjika, hilo toa siku yoyote.

Panga naomba liachwe stoo. Mahali tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama pete. Humo ndimo gome la kufunika jeraha linapoanzia. Kata kwa msumeno nje kidogo ya pete hiyo, usiipunguze wala usiache kisiki. Tawi zito lianzie kukatwa kwa chini, lisije likaanguka na kuchuna gome hadi shinani.

Tafadhali usipake oili chafu wala rangi kwenye jeraha. Hufungia unyevu ndani. Kwa mparachichi, paka chokaa iliyokorogwa na maji kwenye shina lililokuwa kivulini, maana gome lake huungua jua linapolifikia ghafla.