Huyo wa ukutani si mbwamwitu: tazama macho

Kila buibui mkubwa wa kahawia anayeonekana nyumbani huitwa “mbwamwitu”, yaani wolf spider wa Kiingereza. Tuliseme tena. Buibui bapa, mkubwa kama kiganja, aliyejibandika ukutani karibu na swichi ya taa, si buibui mbwamwitu. Hata awe wa kahawia. Hata awe na vinyweleo. Hata akimbie kama anayedaiwa.

Huyo kwa kawaida ni wa familia ya Sparassidae, na kwenye nyumba za pwani mara nyingi ni Heteropoda venatoria, mla mende mashuhuri. Miguu yake imelala ubavuni kama ya kaa, ndiyo maana anapenya nyuma ya kalenda. Mbwamwitu halisi, yaani Lycosidae, miguu yake imeinua mwili na maisha yake ni ya chini: majani makavu, nyasi, kingo za mito, mashamba. Ukimkuta ndani, yuko sakafuni na amepotea njia.

Jina nalo linapotosha. Mbwa mwitu wa huku kwetu, wale wa Ruaha na Nyerere, huwinda kwa kundi. Buibui huyu huwinda peke yake, na ndugu yake mdogo akijipitisha mbele yake huliwa.

Sasa macho, maana hapa ndipo watu huharakisha. Buibui wengi wana macho manane, kwa hiyo kuhesabu hadi nane hakukuambii kitu. Tazama mpangilio, ukimkabili usoni. Kwa Lycosidae, safu ya chini, juu tu ya taya, ina macho manne madogo. Juu ya hiyo kuna mawili makubwa yanayotazama mbele kama taa za lori. Nyuma zaidi, juu ya kichwa, mawili ya wastani yaliyoachana. Manne, mawili, mawili. Ukipata mawili, manne, mawili, huyo ni Ctenidae, familia nyingine ya buibui wawindaji, na misituni wapo. Ukipata safu mbili za manne manne zenye macho yasiyotofautiana sana, rudi ukutani kwa Sparassidae. Picha ya mgongoni peke yake, hata iwe safi namna gani, haitoshi. Mfunike kwa glasi angavu, telezesha kadi ngumu chini yake, kisha piga picha ya uso, ya mgongo na ya ubavu, ukiweka rula kando.

Na hapo umefika kwenye familia tu. Anayekutajia spishi kwa picha ya simu anabahatisha. Spishi hujulikana kwa viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa, chini ya hadubini: kwa dume, ncha za vipapasio; kwa jike, kibamba kilicho chini ya tumbo. Hata jenasi ni mtihani, maana Lycosa na Pardosa zilitumika miaka mingi kama kapu la kutupia kila asiyejulikana. Kuandika “Lycosidae” na kuishia hapo si aibu.

“Mbwamwitu hafumi utando.” Wengi hawafumi, kweli. Lakini Hippasa, Lycosidae kamili, hufuma shuka la utando kwenye nyasi lenye mdomo wa faneli, akakaa ndani akisubiri. Vitabu vya shule humruka.

Kuwatafuta usiku, tumia tochi, lakini iwe kwenye paji la uso au kando ya jicho. Mwanga ukipiga macho yao hurudi ulikotoka. Tochi ya kiunoni itakuonyesha nyasi tu. Utaona nukta za kijani zilizotulia. Umande nao humeta, ila ukisogea hatua moja hubadilika. Macho ya Pisauridae, familia nyingine ya buibui wanaofanana nao, pia hung’aa, kwa hiyo nukta inakuonyesha pa kwenda. Jibu liko usoni.

Alama ninayoiamini zaidi ni jike mwenye mayai. Lycosidae huburuta kifuko cha mviringo kilichogandishwa nyuma, kwenye sehemu za kutolea hariri. Pisauridae hukibeba kwa taya, chini ya kifua. Wakati ukifika, mama hukipasua kifuko kwenye mshono wake, na watoto hupanda mgongoni, wakashikilia vinyweleo vya tumbo lake kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana kandambili ni wazo baya: unampiga mmoja, wanatawanyika mamia. Na sababu ya kumpiga ni ipi? Utafiti wa São Paulo wa 1990 ulipitia watu 515 walioumwa na buibui hawa, wa Australia wa 2004 watu 45. Maumivu yalikuwepo, uvimbe kwa baadhi. Kidonda cha kuoza, hakuna. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Kidonda kikianza kuchimbika, nenda hospitali ukatafutiwe chanzo kingine, hasa bakteria.

Mwenye watoto mgongoni, mtoe kwa glasi ileile na kadi ileile, polepole, bila kuinamisha. Mmwage kwenye majani makavu, si kwenye zege lenye jua.