Kifungu cha kodi kilichoibana Pretoria

Tangu 1977 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha kila mwaka ripoti za haki za binadamu, nchi baada ya nchi. Sheria ya misaada ya nje ndiyo inayoidai ripoti hiyo, ili Bunge lijue linampa nani fedha. Mimi nashughulika na kodi za kimataifa, na mara nyingi naulizwa: je, kampuni ya Marekani inayochuma faida kwenye nchi inayotesa watu wake hutozwa kodi zaidi kwa sababu ya ripoti hizo? Hapana. Lakini kuna kipindi kimoja ambapo haki za binadamu ziliingia ndani kabisa ya sheria ya kodi ya mapato.

Mwaka 1986 Bunge liliipiku kura ya turufu ya Rais Reagan na kupitisha vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Desemba 1987 mbunge Charles Rangel wa New York akaongeza kwenye sheria ya kodi kifungu kifupi kuhusu faida inayopatikana Afrika Kusini, kikaanza kazi Januari 1, 1988.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kampuni imepata faida ya dola 100 ugenini na kulipa huko kodi ya dola 50. Kwa kawaida kodi hiyo huondolewa kwenye deni la kodi la nyumbani. Kiwango cha Marekani kwa kampuni wakati huo kilikuwa asilimia 34, kwa hiyo deni liliisha na kampuni ikabaki na dola 50. Kwa faida ya Afrika Kusini, kifungu cha Rangel kiliifanya ile 50 ihesabiwe kama gharama tu, sawa na pango au mishahara. Dola 50 zilizobaki zikatozwa asilimia 34, yaani dola 17. Mkononi zikabaki 33. Tena kampuni haikuweza kukwepa kwa kuiacha faida kwenye kampuni tanzu kule kule, kwani ilitozwa mwaka huo huo hata kama haijarudishwa nyumbani.

Mwaka 1989 kampuni ya mafuta ya Marekani, Mobil, ikauza mali zake za Afrika Kusini kwa Gencor, kampuni ya huko huko, na kodi hiyo ikatajwa waziwazi kuwa sababu. Wapo waliosema mwenye mali kabadilika tu, mafuta yanaendelea kusafishwa. Hoja hiyo ina uzito, ila naamini kuondoka kwa kampuni kubwa kiasi kile kulikuwa pigo ambalo ripoti peke yake isingelitoa.

Kinachonivutia zaidi ni masharti yaliyowekwa ili kifungu kikome. Waziri wa Mambo ya Nje alipaswa kumthibitishia Waziri wa Fedha kwamba masharti ya sheria ya 1986 yametimizwa: Nelson Mandela na wafungwa wa kisiasa waachiwe, kisha angalau mambo matatu kati ya manne, nayo ni kuondoa hali ya hatari, kuruhusu vyama vilivyopigwa marufuku, kufuta sheria za kuwaandikisha watu kwa rangi na kuwagawia makazi kwa rangi, na kukubali mazungumzo. Julai 1991 utawala wa Rais George H. W. Bush ukasema yametimia. ANC, chama cha Mandela, ikapinga: bado kuna wafungwa wa kisiasa ndani. Hapo ndipo ufuatiliaji wa haki za binadamu ulipokuwa na thamani ya fedha, maana ubishi juu ya nani ni mfungwa wa kisiasa ulikuwa pia ubishi juu ya kodi.

Kifungu mama, kile ambacho Rangel alikiongezea cha kwake, bado kipo, lakini vigezo vyake ni vingine: serikali isiyotambuliwa na Marekani, uhusiano wa kibalozi uliovunjika au usioendeshwa, au nchi kuwekwa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Sudan, kwa mfano, ilitolewa kwenye orodha hiyo Desemba 2020. Vita vikalipuka huko Aprili 2023, na Januari 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatamka kwamba wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, wamefanya mauaji ya kimbari. Tamko zito kiasi hicho, kwa vigezo vya sasa, haliongezi hata senti moja kwenye hesabu ya kodi ya kampuni, na mimi naona Bunge linapaswa kulirekebisha hilo.